Makoti Kumi na Moja ya Meli ya Takawiri

Fundi wa nguo wa karibu na soko la Kisumu aliitwa Wangu, na jina hilo lilimpa watoto wengi ambao hakuwazaa. Mtu akitaka kumwita kwa heshima ilimbidi aseme Mama Wangu, na hapohapo, awe mzee wa kanisa au mpagazi wa gatini, akajikuta amekuwa mwanawe. Alikuwa ametoka Nyeri pamoja na mume wake aliyefanya kazi ya reli. Mume alipofariki, ndugu walimwandikia arudi nyumbani. Yeye akawajibu kwamba ana suruali nane za watu mezani na hawezi kuziacha bila pindo. Miaka sita ilikuwa imepita tangu barua hiyo, na suruali hazikuwa zimepungua.

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka 1966, Dishon Amolo aliingia dukani kwake akiwa amebeba sanduku la mbao begani. Dishon alikuwa mkuu wa wahudumu katika meli ya Takawiri, iliyozunguka ziwa kila wiki kutoka Kisumu hadi Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma, kisha ikarudi. Alikuwa mtu wa kutembea wima, kucha safi, viatu vinang'aa hata wakati wa mvua. Wangu aliwashonea wahudumu wake sare nyeupe kila mwaka, lakini hakuwahi kumwona akibeba kitu kizito kuliko sinia.

"Mama Wangu, nisaidie," Dishon alisema huku akihema. "Kapteni anataka kuua Jumamosi yangu."

"Jumamosi inauawa namna gani?"

Dishon alitua sanduku, akaeleza. Tangu meli ile iingie majini, chakula cha Jumamosi jioni katika daraja la kwanza kililiwa kwa mavazi rasmi: wanaume koti na tai, wanawake gauni refu. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, na Dishon ndiye aliyesimama mlangoni kuilinda. Sasa meli ilikuwa imepata kapteni mpya, Joram Wabwire, mtu wa Busia, Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Kapteni Wabwire alikuwa hodari na watu walimpenda, ila hakuona maana ya tai. Mwezi uliopita wafanyabiashara wawili walirudishwa mlangoni kwa sababu walikuja na mashati matupu, na wote wawili waliandika barua kali ya kulalamika.

"Amenipa safari moja tu," Dishon alisema. "Jumamosi hii, abiria yeyote akirudishwa mlangoni, desturi imekwisha. Na nikimwacha mtu aingie na shati tupu, pia imekwisha."

Wangu alikata uzi kwa meno. "Kusema kweli, Bwana Dishon, naona Kapteni wako ana akili. Wazungu wameenda. Kwa nini hawakuondoka na tai zao?"

"Tai waliziacha," Dishon alijibu, akafungua sanduku. "Na makoti pia."

Yalikuwa makoti kumi na moja, meusi na ya samawati iliyokolea, ya maafisa waliorudi kwao Ulaya na kuyasahau katika stoo ya meli. Nondo walikuwa wameyatembelea kidogo. Wangu aliinua moja, mikono yake ikaning'inia karibu kufika sakafuni.

"Huyu alikuwa mtu au mnazi?"

"Ndiyo shida yenyewe. Abiria wangu siku hizi ni wafupi na wapana. Nataka uyakate yawatoshe, yakae kabatini, na mtu akija bila koti nimvishe."

Wangu aliendelea kumtazama, maana hakuwa amejibiwa. Dishon akavuta kigoda, akaketi, akajibu akiwa amekunja mikono yake miwili magotini.

"Mwaka wa hamsini na tatu nilikuwa naosha vyombo melini. Siku moja akapanda mwalimu mmoja anaitwa Enos. Alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza, imenunuliwa na kanisa lake. Alikuwa na suti, Mama Wangu, suti ya kijivu, imepigwa pasi mpaka ungekata mkate kwa mkunjo wa suruali. Kengele ilipolia, akaenda mlangoni. Wakamwambia Waafrika hawali humu. Mimi ndiye niliyetumwa nimpelekee sahani nje, sitahani. Alikula akiwa amesimama, upepo unapiga, tai yake imenyooka. Alipomaliza akanishukuru, akanipa mkono. Sasa leo sisi ndio tunaoingia mle ndani. Nikisikia watu wanasema basi tule na fulana, roho yangu inakataa. Mlango umefunguliwa juzi tu, na sisi tunataka kuugeuza uwe mlango wa jikoni?"

Wangu aligeuza koti lile refu ndani nje, akakagua bitana, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega.

"Siwezi kukata koti la mtu ambaye sijamwona mgongo," alisema mwishowe. "Nitakuja melini. Niwapime hukohuko, nishone hukohuko. Na Jumamosi mimi pia nitaketi mezani."

"Utaketi karibu na dirisha," Dishon aliahidi, akasimama haraka kabla fundi hajabadili mawazo.

Meli iling'oa nanga Ijumaa mchana. Wangu alikuwa ameishi Kisumu miaka minane na hakuwahi kukanyaga kitu kinachoelea. Kwa saa ya kwanza alishikilia cherehani yake kwa mikono miwili, kama vile ndiyo iliyokuwa na hofu. Ghuba ilikuwa tulivu, magugu yakipita taratibu ubavuni mwa meli, na vilima vya upande wa pili vikabadilika rangi kila alipoinua macho. Baada ya hapo alisahau kuogopa, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Katika chumba chake alipangwa pamoja na Mama Seline Anyango, mfanyabiashara wa samaki kutoka Manyatta, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alikuwa akienda Mwanza kumwona binti yake aliyejifungua, na mkwe wake ndiye aliyempelekea tiketi ya daraja la kwanza. Seline alimsaidia Wangu kushona vifungo, na mdomo wake haukuchoka kuliko vidole.

"Na wewe kesho utavaa nini?" Wangu alimuuliza. "Nina kitambaa cha hariri hapa, naweza kukutengenezea gauni."

Seline alifungua begi lake, akatoa sare ya akina mama wa kanisa: gauni jeupe lenye mkanda wa buluu na kola iliyotiwa wanga.

"Nyathina, mwanangu, hii navaa mbele ya Mungu," alisema. "Meli hii ina mkubwa kumshinda huyo?"

Wangu alicheka hadi akachomwa na sindano.

Wanaume wa daraja la kwanza walikuwa kumi na wanne. Wanne walikuwa na makoti yao. Wengine walikuja mmoja mmoja chumbani, wengine wakiona haya, wengine wakitania, na Wangu akawageuza huku na huku kama magunia, chaki mkononi. Absalom, muuza ng'ombe wa Awasi, alikuwa mfupi na kifua kama pipa. Kwake Wangu alikata mikono ya koti kuanzia begani, akiacha mistari ya dhahabu ya chini, na vipande alivyopunguza akavitia mgongoni ili koti lifunge mbele. Absalom alijitazama kwenye kioo cha ukutani, akageuka ubavu, akageuka tena.

"Mama Wangu," alisema polepole, "mke wangu akiniona hivi ataniuliza natoka kwa nani."

Kufikia Jumamosi saa kumi alasiri, meli ikiwa imeondoka Port Bell na kuelekea Bukoba, wanaume tisa walikuwa wamevishwa. Alibaki mmoja. Huyo alikuwa Bildad Ndegwa, muuza sufuria wa pale njia panda ya Mamboleo, mtu mkimya wa makamo. Koti alilipokea na lilimkaa vizuri. Tai hakuitaka. Dishon alimpelekea nyeusi, kisha nyekundu, kisha yenye mistari, na mara zote Ndegwa alitikisa kichwa.

"Niletee chakula huku chumbani," alisema. "Sina ugomvi na mtu. Nitakula huku."

Dishon alirudi kwa Wangu akiwa amepauka. "Nimekwisha, Mama Wangu. Nimehangaika na wote, na mmoja ananishinda. Ongea naye. Ninyi mna lugha yenu."

Wangu alienda. Aligonga, akamsalimu kwa Kikuyu, akaulizwa habari za Nyeri, akauliza habari za sufuria. Hakutaja tai. Alisema tu kwamba anataka kuangalia kama kola ya koti inakaa sawa. Ndegwa alisita, kisha akafungua kifungo cha juu cha shati na kugeuza shingo. Kovu lilizunguka kutoka sikio hadi sikio, pana, limekunjamana.

"Nilikuwa kizuizini miaka mitatu," alisema. "Walitufunga kamba shingoni tukivuta mkokoteni wa mawe. Tangu nitoke, kitu kikinigusa hapa napoteza pumzi. Hata skafu. Hata mtoto akinikumbatia. Si kiburi, mama."

Wangu alishusha kola ya koti taratibu, akailaza vizuri. "Najua si kiburi," alisema. Alipotoka aliegemea ukuta wa ujia, akavuta pumzi mbili tatu, ndipo akaenda kumtafuta Dishon.

Alimkuta chumba cha kulia akipanga visu. Alimweleza kwa maneno machache. Dishon alisikiliza huku kisu kimoja kikiwa bado mkononi, na alipomaliza kusikiliza hakukiweka mezani.

"Anataka ale huko peke yake?"

"Ndivyo alivyosema. Ukimwacha ale huko, hutakuwa umemrudisha mlangoni. Kapteni hatajua lolote."

Ilikuwa njia rahisi, na Wangu aliitaja kwa sababu aliona haki kuitaja. Dishon alitazama nje, mahali ambapo sitaha ilionekana kupitia dirisha la mviringo.

"Hapana," alisema. "Mimi nimeshampelekea mtu mmoja sahani nje. Sitampelekea wa pili. Mama Wangu, bitana ya lile koti refu ilikuwa ya rangi gani?"

"Zambarau iliyokolea. Hariri safi."

"Imebaki?"

"Kipande."

"Kata kitambaa cha mfuko wa kifuani. Ukikunje kiwe na ncha tatu. Mwambie nimesema avae koti, aache shati wazi, aweke hicho kifuani. Mwambie naomba. Si kumwambia, namwomba."

Saa moja jioni kengele ililia. Kulikuwa bado na mwanga mwekundu kwenye maji, na taa za chumba cha kulia zilikuwa zimewashwa. Kapteni Wabwire aliketi kwenye meza yake akiwa na sare nyeupe ya kazi, mikono amekunja, akiangalia mlango kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira. Dishon alisimama kizingitini.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Seline, gauni jeupe, mkanda wa buluu, kitambaa kichwani kimesimama kama paa la nyumba. Alisimama mbele ya Dishon, akangoja aambiwe neno, na uso wake ulikuwa tayari kulijibu.

"Karibu sana, Mama," Dishon alisema, akainama kidogo. "Meza ya katikati."

"Aa!" Seline alisema, akiwa amekosa mtu wa kugombana naye, akaingia kwa madaha.

Wakafuata wengine. Mwalimu na mkewe. Karani wa Bukoba. Wafanyabiashara wakiwa wamenyoosha mabega, kila mmoja akimtazama mwenzake na kujifanya hamtazami. Absalom wa Awasi aliingia kifua mbele. Wangu aliingia na gauni la kijani alilojishonea usiku wa kuamkia safari, akaketi karibu na dirisha kama alivyoahidiwa. Hakuona ziwa hata kidogo. Macho yake yote yalikuwa kwenye migongo ya makoti, akikagua mishono.

Ndegwa alikuja wa mwisho. Koti lilimkaa, shati lilikuwa wazi shingoni, na kifuani mwake palikuwa na ncha tatu za zambarau. Alisimama mbali kidogo na mlango, tayari kugeuka.

"Bwana Ndegwa," Dishon alisema kwa sauti iliyosikika ndani yote, "tulikuwa tunakungoja." Akamtangulia mwenyewe, akamvutia kiti.

Kapteni alimwita Dishon kwa kidole.

"Yule hana tai."

"Hana, Kapteni."

"Sheria yako inasema tai."

"Ilisema hivyo mpaka saa kumi na moja na nusu leo. Nimeibadilisha. Sasa inasema tai au kitambaa cha kifuani."

"Umeibadilisha kwa mamlaka gani?"

"Kapteni, ukitaka kunishusha Bukoba, nitashuka," Dishon alisema kwa sauti ya chini. "Lakini yule bwana shingo yake ilifungwa vya kutosha na serikali ya kikoloni. Amekuja na koti na heshima zake. Siwezi kumwomba zaidi."

Ndegwa aliona kwamba anazungumzwa. Alikwisha kuweka mkono mezani ili asimame. Wabwire alimtazama, akaona kovu pale kola ilipoachana, na mikono yake aliyokuwa ameikunja ikafunguka.

"Keti, bwana," alimwitia kutoka mezani kwake. "Supu inapoa."

Kisha macho yake yakahamia kwa Absalom, yakakaa hapo. Aliegemea mbele. "Dishon. Lile koti la yule mzee wa Awasi. Lile lenye mistari miwili ya dhahabu mkononi. Si ni la yule afisa wangu wa zamani? Yule aliyesema mikono yangu ni ya kushika jembe, si usukani?"

"Ndilo, Kapteni."

"Na limekatwa?"

"Limekatwa mikono, likatiwa kiraka mgongoni ili limtoshe muuza ng'ombe."

Wabwire alijaribu kujizuia. Alishika kijiko, akakiweka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, kikamtoka mpaka meza zote zikageuka. Absalom, asijue kinachochekwa, aliinua glasi yake kumsalimu, na mistari ile miwili ya dhahabu ikang'aa chini ya taa. Kapteni akazidi. Ilimbidi afute macho kwa kitambaa cha meza.

"Nilisema mtu akirudishwa," alisema alipopata pumzi. "Hakuna aliyerudishwa. Na nilisema akiingia na shati tupu. Shati lake si tupu, lina koti. Nenda kagawe samaki."

Jioni ile walikula supu, wakala samaki wa ngege wa kukaangwa, wakala nyama ya kuoka na maharage mabichi. Karani wa Bukoba aliweka sahani ya santuri, na Mama Seline akacheza na Kapteni, ambaye alikanyagwa mara mbili na hakulalamika. Ndegwa alizungumza na mwalimu kuhusu bei ya bati, kisha kuhusu watoto, na alikula pudini ya Wangu pia kwa sababu Wangu alikuwa amejaa furaha kiasi cha kutoweza kumeza.

Jumapili, baada ya meli kuondoka Bukoba, Kapteni aliwaita Dishon na Wangu kwenye chai. Alitaka desturi iandikwe kwenye kibao kipya cha mlangoni, na kwa Kiswahili, maana kile cha zamani kilikuwa cha Kiingereza na nusu ya abiria walikipita bila kukijali. Mama Seline hakualikwa, lakini alikuja.

Dishon alikuwa ameandika: "Mavazi rasmi ni lazima."

"'Rasmi' ni neno la ofisi ya D.C.," Seline alisema. "Mimi nikisoma hivyo nitadhani nadaiwa kodi."

"Na hiyo 'lazima' iondoe," Kapteni alisema.

"Tukiondoa 'lazima', watakuja na kaptura," Dishon alipinga.

Walibishana chai mbili nzima. Dishon alitaka koti litajwe kwa jina, Wangu akauliza mwanamke wa sare ya kanisa atajwe kwa jina gani, Kapteni akataka sentensi iwe fupi itoshee kwenye ubao. Mwishowe Wangu alichukua penseli, akalamba ncha yake kama alivyofanya na chaki, akaandika: "Jumamosi jioni, tafadhali njoo mezani na nguo yako nzuri kuliko zote. Ukikosa koti, kabati liko kushoto."

Dishon aliisoma mara tatu akitafuta kasoro. Hakuipata.

Kibao hicho kilikaa mlangoni miaka kumi na mmoja, mpaka jumuiya ya nchi tatu ilipovunjika na meli zikaacha kuzunguka. Katika miaka hiyo watu walikuja mezani na suti, na kanzu zilizotarizwa, na bibi mmoja wa Musoma na vitenge vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hakuna aliyekula nje. Makoti yaliongezwa mengine, kwa sababu Absalom alikataa katakata kurudisha lake, na Kapteni akasema aachiwe.

Jumanne ile ya kurudi, Takawiri ilifunga gati la Kisumu asubuhi. Wangu alishuka ngazi akiwa anayumba kidogo, ardhi ikimwendea kombo baada ya siku nne majini. Mpagazi alimfuata na cherehani kichwani. Dukani aliwakuta wanawake wawili wa Manyatta wakimngoja kwenye benchi, habari zilikuwa zimewafikia kabla yake kwa njia ya simu ya reli.

"Mama Wangu," mmoja alisema akisimama, "sisi tunasafiri mwezi ujao. Tunataka magauni marefu. Lakini mimi nataka langu liwe na mfuko."

"Mfuko wa nini kwenye gauni la jioni?"

"Wa samaki, kama watabaki."

Wangu alivua viatu, akatoa futi yake ya kupimia shingoni, akamwambia ainue mikono.